Filimbi, Obo, Klarineti na Basuni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Ala za Mbao za Okestra

Maswali haya huulizwa na watu waliovutiwa na okestra lakini hawajui nani anapuliza nini kule katikati ya jukwaa. Mengine huulizwa na wazazi ambao watoto wao wanataka kujifunza ala, au na watunzi wanaoanza kuandikia ala hizi. Anayesoma yote atagundua kwamba karibu kila jibu linarudi kwenye mambo mawili: namna pumzi inavyogeuzwa kuwa sauti pale mdomoni, na umbo la uwazi ulio ndani ya bomba. Ukiyashika hayo mawili, tofauti nyingine zinajieleza.

Ala za mbao za okestra ni zipi hasa?

Kuna familia nne: filimbi, obo, klarineti na basuni. Okestra ya kawaida huwa na wapigaji wawili wawili au watatu watatu wa kila familia. Kila familia ina ndugu zake wakubwa na wadogo: pikolo upande wa filimbi, kor-anglee upande wa obo, klarineti ndogo ya E-flati na klarineti ya besi upande wa klarineti, na kontrabasuni upande wa basuni. Ukizipanga zote kuanzia chini kabisa hadi juu kabisa, karibu zinafunika upana wote wa piano. Kontrabasuni inashuka hadi mitetemo kama 29 kwa sekunde, yaani hezi 29, na pikolo inakaribia hezi 4,186, ambayo ndiyo nota ya mwisho ya piano upande wa kulia.

Filimbi ni ya metali na saksafoni ni ya shaba. Mbona zinahesabiwa kuwa ala za mbao?

Kwa sababu kundi hili halipangwi kwa malighafi. Filimbi ya okestra ilikuwa ya mbao kwa karne nyingi, na hata leo wapo wanaopiga filimbi za mbao, ingawa nyingi ni za fedha na chache ni za dhahabu. Kilichobaki vilevile ni namna ya kufanya kazi: bomba lenye matundu, na mpigaji anabadilisha nota kwa kuyafungua na kuyafunga. Katika ala za shaba kama tarumbeta, midomo ya mpigaji yenyewe ndiyo inayotetemeka, na vali hurefusha bomba badala ya kufungua matundu ubavuni. Hiyo ndiyo tofauti ya kweli, na kwa kipimo hicho saksafoni iko upande wa ala za mbao bila ubishi wowote.

Je, malighafi yana athari kwa sauti basi? Yana athari ndogo kuliko wengi wanavyoamini. Mwaka 1971 mwanafizikia wa Marekani, John Coltman, alichapisha jaribio la filimbi tatu za vipimo sawa, moja ya fedha, moja ya shaba nyekundu na moja ya mbao. Wasikilizaji, pamoja na wapigaji wenyewe, hawakuweza kuzitofautisha pale walipozuiwa kuziona na kuhisi uzito wake. Katika ala ya kupuliza, kinachotetemeka ni hewa iliyo ndani, na ukuta kazi yake kubwa ni kuipa hewa hiyo umbo. Hii haina maana kwamba ala ya bei ndogo ni sawa na ala bora. Ubora unatokana na usahihi wa vipimo, wepesi wa vibonyezo na jinsi matundu yanavyozibika sawasawa.

Sauti huanzia wapi katika kila ala?

Hapa ndipo penye mzizi wa mambo. Zipo njia tatu.

Njia ya kwanza ni ya filimbi. Hakuna kitu chochote kinachowekwa mdomoni. Mpigaji anaiweka filimbi chini ya mdomo wa chini, anaielekeza pumzi nyembamba ivuke tundu na kugonga ukingo wake wa pili, na pumzi hiyo inaanza kuyumba kwa kasi, mara ndani ya tundu, mara nje. Ukishapuliza juu ya shingo ya chupa tupu ikavuma, umeshaifanya kazi ya filimbi. Ugumu ni kwamba hakuna kinachokuongoza: pembe ya pumzi, upana wa uwazi wa midomo na umbali hadi ukingoni, vyote viko mikononi mwako, au tuseme midomoni mwako. Ndiyo maana anayeanza anaweza kumaliza dakika nyingi akitoa hewa tupu bila sauti, na ndiyo maana filimbi inakula pumzi nyingi kuliko obo.

Njia ya pili ni ya klarineti na saksafoni: utete mmoja. Ni kipande bapa cha tete, kilichochongwa kikawa chembamba sana kwenye ncha, kinachofungwa juu ya kinywa cha ala, yaani kile kipande cha juu kinachoingia mdomoni mwa mpigaji. Mdomo wa chini unauegemea utete, meno ya juu yanakaa juu ya kinywa, na pumzi inaufanya utete ufunge na kufungua mlango mdogo kwa mamia ya mara kila sekunde.

Njia ya tatu ni ya obo na basuni: tete mbili. Hapa hakuna kinywa. Vipande viwili vyembamba vya tete vinafungwa pamoja kwa uzi, uso kwa uso, na vinatetemeka vikigusana vyenyewe kati ya midomo ya mpigaji. Nafasi ya kupita pumzi katika utete wa obo ni ndogo mno. Kwa hiyo mpigaji wa obo anahitaji msukumo mkubwa lakini hewa kidogo, na tabu yake ni kinyume na ya mwenzake wa filimbi: hewa haimwishii, inamzidi. Mwisho wa kifungu kirefu mapafu yake bado yana hewa iliyochoka, na lazima aitoe kwanza ndipo avute nyingine. Mtazame kwa makini kwenye onyesho, utamwona akifanya hivyo kwenye vituo vya muziki, anatoa kisha anavuta.

Filimbi, obo na klarineti zina urefu unaokaribiana. Kwa nini klarineti inashuka chini kiasi kile?

Hili ni swali ninalolipenda kuliko yote kwenye orodha hii, kwa sababu jibu lake linaeleza karibu kila jambo la ajabu kuhusu klarineti.

Filimbi ina urefu wa sentimita 67 hivi, obo 65, klarineti ya B-flati 66. Mtu angetegemea zishuke hadi nota moja. Filimbi ya kawaida inaishia kwenye C ya katikati, hezi 262. Obo inaishia karibu hapo, B-flati iliyo chini kidogo, hezi 233. Klarineti inashuka hadi hezi 147, karibu oktava nzima chini ya filimbi, oktava ikiwa ni umbali kutoka nota moja hadi nota inayofuata ya jina lilelile.

Filimbi ni bomba lililo wazi pande zote mbili, kwa kuwa tundu la kupulizia ni uwazi tosha. Mawimbi ya hewa ndani yake yanaweza kujigawa mara mbili, mara tatu, mara nne, na kuendelea. Klarineti imezibwa upande mmoja, pale penye utete, na uwazi wake wa ndani ni silinda, yaani upana wake haubadiliki kwa sehemu kubwa ya urefu. Bomba la silinda lililozibwa upande mmoja hubeba wimbi lenye urefu mara mbili ya lile la bomba lililo wazi, kwa hiyo nota yake ya msingi iko oktava moja chini. Zaidi ya hapo, linapendelea hamoniki, yaani zile sauti za juu zilizojificha ndani ya kila nota, za namba witiri tu: ya kwanza, ya tatu, ya tano.

Obo nayo imezibwa upande wa tete, lakini uwazi wake ni koni, mwembamba juu na unaopanuka kadiri unavyoshuka. Fizikia ya koni inaifanya ilingane na bomba lililo wazi: hamoniki zote zipo. Basuni na saksafoni pia ni koni.

Matokeo yake mpigaji anayakuta kwenye vidole. Ukiongeza nguvu kwenye filimbi, au ukibonyeza kibonyezo cha oktava kwenye obo au saksafoni, nota inaruka oktava moja, na vidole vinabaki karibu palepale. Ukibonyeza kibonyezo kama hicho kwenye klarineti, nota inaruka oktava moja na nota tano zaidi, ile ambayo wanamuziki huiita ya kumi na mbili. Kwa hiyo klarineti inahitaji vidole kwa ajili ya semitoni 19, yaani hatua 19 ndogo kabisa za piano, kabla ya kuanza kurudia mpangilio, na ndiyo sababu ina vibonyezo vya ziada chini na juu. Pale sauti ya chini inapokutana na sauti ya kati pana kidaraja ambacho kila mwanafunzi wa klarineti anakifahamu: nota moja inapigwa karibu bila kidole chochote, inayofuata inahitaji karibu vidole vyote kwa pamoja.

Nimekaa mbali na jukwaa. Nitazitambuaje kwa macho?

Filimbi inashikwa kwa kulazwa upande wa kulia wa mpigaji, na pikolo vilevile, fupi kwa nusu. Basuni ni lile bomba refu la rangi nyekundu ya kahawia linalopanda juu ya bega, lenye mrija mwembamba wa metali unaopinda kuelekea mdomoni. Bomba lake likinyooshwa lingefika mita 2.5, ndiyo maana limekunjwa.

Obo na klarineti ndizo zinazowachanganya watu, kwa kuwa zote ni nyeusi, zote zina vibonyezo vya rangi ya fedha na zote hushikwa kwa kuelekezwa mbele. Tazama sehemu mbili. Juu, obo ina utete mwembamba unaochomoza kama mrija mdogo wa rangi ya majani makavu, wakati klarineti ina kinywa kinene cheusi. Chini, klarineti inapanuka waziwazi, obo kidogo tu.

Kwa kawaida filimbi na obo hukaa safu ya mbele ya ala za mbao, klarineti na basuni nyuma yao. Viongozi wanne wa familia hizo hukaa katikati, wakiwa wamekaribiana, ili wasikilizane.

Na kwa masikio?

Anza na sauti za chini za kila ala, maana huko ndiko tabia zinakojitokeza zaidi.

Filimbi chini ni laini, ina pumzi ndani yake, na haiwezi kupigwa kwa nguvu sana. Mtunzi akiiwekea ala nyingine nyingi juu yake, inazama. Ikipanda, inang'aa na kupenya, na huko juu kabisa kupiga kwa upole ndiko kunakokuwa kugumu. Obo iko kinyume: chini ni nzito, yenye ukali, na ni vigumu kuinong'onesha, juu inakuwa nyembamba na tamu. Sauti yake ina hamoniki nyingi za juu zenye nguvu, kwa hiyo inasikika hata okestra nzima ikiwa inapiga.

Klarineti ina sura zaidi ya moja. Chini, kwa kukosa zile hamoniki shufwa, sauti ni nzito, yenye uwazi fulani ndani yake, nyeusi kama kivuli. Katikati ni nyembamba na haina mvuto mkubwa. Ikivuka kile kidaraja inakuwa angavu na yenye kuimba, na juu kabisa inapiga kelele ikitaka. Ina upana wa karibu oktava nne. Uwezo wake wa pekee ni ukimya: hakuna ala nyingine ya mbao inayoweza kuanza nota kutoka kwenye kimya chenyewe, ikaikuza, kisha ikairudisha kimya bila msikilizaji kujua ilikoma lini.

Basuni chini ni nene na imara, ikishirikiana na chelo na besi inakuwa kama msingi wa nyumba usioonekana. Ikipigwa kwa nota fupi fupi inaonekana kama inatania, na watunzi wameitumia hivyo mara nyingi kiasi kwamba watu wengine wanadhani hiyo ndiyo kazi yake pekee. Wasikilize nota zake za juu, zenye huzuni na za kubanwa kooni, ndipo watajua walikuwa wameikosea.

Ishara nyingine ya kusikiliza ni mtikisiko wa sauti. Wapigaji wa filimbi, obo na basuni huipa nota ndefu mtikisiko kidogo. Wapigaji wa klarineti katika okestra kwa kawaida huiacha nota inyooke. Ukisikia ala ya mbao ikishika nota ndefu iliyonyooka kabisa, dau lako liwe kwa klarineti.

Kwa nini okestra nzima husubiri obo itoe nota kabla ya onyesho?

Kwa sababu sauti yake ni thabiti na inapenya, na mpigaji hawezi kuibadilisha sana mara tu anapokwisha kuchagua utete wake. Nota inayotolewa ni A. Mkutano wa kimataifa wa London wa mwaka 1939 ulipendekeza iwe hezi 440, na okestra nyingi za Ulaya leo hupanda kidogo, hadi 442 au 443. Siku hizi mpigaji wa obo huwa na kipimo cha elektroniki mbele yake, kwa hiyo si kwamba wanaamini sikio lake tu. Kazi ikiwa na piano, okestra huifuata piano, kwani piano haiwezi kurekebishwa papo hapo.

Pikolo, kor-anglee, klarineti ya besi na kontrabasuni zinaongeza nini?

Pikolo inapiga oktava moja juu ya filimbi na inatosha moja tu kusikika juu ya watu mia. Beethoven aliiweka kwenye sehemu ya mwisho ya simfoni yake ya tano, mwaka 1808, pamoja na kontrabasuni, ili okestra ipanuke juu na chini kwa wakati mmoja. Kontrabasuni ina bomba la zaidi ya mita tano lililokunjwa mara kadhaa. Mara nyingi huisikii kama ala, unaihisi kama uzito chini ya sauti za wengine.

Kor-anglee ni obo kubwa, nota tano chini ya obo ya kawaida, yenye mwisho wa mviringo kama yai na mrija uliopinda juu. Umbo hilo la mwisho na urefu wake vinaipa sauti iliyofunikwa, ya mtu anayekumbuka jambo la zamani. Wimbo wa polepole katika simfoni ya tisa ya Dvořák, iliyopigwa mara ya kwanza New York mwaka 1893, ni wake, na nadhani hakuna njia bora ya kuifahamu.

Klarineti ya besi inashuka oktava moja chini ya ile ya kawaida na inabaki na ule uwezo wa kunong'ona. Kuna kisa kinachojulikana sana miongoni mwa wapigaji. Katika simfoni ya sita ya Tchaikovsky, ya mwaka 1893, klarineti inafifia hadi karibu kutoweka, kisha nota nne za mwisho zimeandikiwa basuni, zikiwa na alama ya upole iliyorudiwa mara sita. Basuni huko chini hutaabika kupiga kwa upole kiasi hicho. Waongozaji wengi humpa klarineti ya besi nota hizo nne. Wengine hukataa, wakisema ile tabu ya basuni ndiyo mtunzi aliyoitaka.

Kwa nini mpigaji wa klarineti hubeba klarineti mbili?

Moja ni ya B-flati na nyingine ni ya A, na zinatofautiana kwa semitoni moja tu. Mpigaji akisoma C kwenye ala ya kwanza, inasikika B-flati; kwenye ya pili inasikika A. Klarineti za mwanzo zilikuwa na vibonyezo vichache, na kupiga kwenye ufunguo, yaani ngazi ya nota, wenye flati au shapu nyingi kulikuwa kazi ngumu mno. Watunzi wakaandika kwa ala iliyorahisisha ufunguo walioutaka. Vibonyezo viliongezeka baadaye, lakini kazi kubwa zilikuwa zimeshaandikwa, na ile ya A ina giza kidogo katika sauti ambalo wapigaji hawataki kulipoteza. Konseto ya klarineti ya Mozart, ya mwaka 1791, ni ya ala ya A.

Kwa anayeandika muziki: filimbi, obo na basuni husikika kama zilivyoandikwa. Pikolo husikika oktava moja juu, kontrabasuni oktava moja chini, kor-anglee nota tano chini. Kosa la kusahau hili ndilo linaloharibu mazoezi ya kwanza ya watunzi wengi wapya.

Saksafoni ni ya okestra?

Kwa nadra. Mbelgiji Adolphe Sax aliipatia hataza Paris mwaka 1846, wakati okestra ilikuwa imeshajipanga bila ala hiyo. Bizet aliitumia mwaka 1872, na Ravel akaipa nafasi nzuri katika *Boléro* ya mwaka 1928. Katika bendi za kijeshi na katika jazi ndiko ilikopata makao.

Nani alizipa ala hizi umbo la leo?

Obo ilitokana na zumari za zamani, ikasuguliwa na mafundi wa Ufaransa katika karne ya 17, enzi za Mfalme Louis wa 14. Klarineti inahusishwa na fundi Johann Christoph Denner wa Nuremberg, karibu na mwaka 1700, aliyeiendeleza kutoka ala ndogo iitwayo shalumo.

Aliyebadilisha mambo zaidi ni Theobald Boehm wa Munich, mpigaji filimbi aliyekuwa pia fundi wa dhahabu. Kabla yake, matundu yaliwekwa pale vidole vinapofika. Yeye aligeuza mantiki: weka tundu pale fizikia inapotaka, kwa ukubwa inaoutaka, halafu tengeneza vibonyezo vya kukifikisha kidole. Filimbi yake ya mwaka 1847, yenye mwili wa silinda, ndiyo tunayoiona jukwaani leo karibu bila mabadiliko. Hata kabla ya hapo, mpigaji klarineti Klosé na fundi Buffet walikuwa wamechukua mawazo yake ya awali wakayaingiza kwenye klarineti, wakaionyesha Paris mwaka 1839. Ujerumani na Austria waliendelea na mfumo wao wa klarineti, na hadi leo wapigaji wa huko wanautumia. Vienna wana hata obo yao, tofauti na ya Kifaransa inayopigwa karibu kila mahali pengine. Kwa basuni, mfumo wa Heckel wa Ujerumani umeenea. Ule wa Kifaransa umebaki na wapigaji wachache.

Tete hutoka wapi, na hudumu kwa muda gani?

Zinatoka kwenye mmea wa jamii ya matete, *Arundo donax*, na ule unaosifiwa zaidi hukua kusini mwa Ufaransa, mkoa wa Var. Mashina hukatwa na kuachwa yakauke kwa muda mrefu kabla ya kuchongwa. Tete za klarineti huuzwa kwa boksi, zikiwa na namba za ugumu, na anayeanza hupewa laini zaidi. Wapigaji wa obo na basuni katika okestra kubwa hujichongea wenyewe. Wana visu, uzi, vipimo na meza ya kazi nyumbani, na saa wanazotumia kuchonga zinaweza kushindana na saa za mazoezi. Utete mzuri wa obo unaweza kuchoka baada ya wiki chache tu za kupigwa. Hali ya hewa ikibadilika, ukavu au unyevu ukizidi, ule uliokuwa mtiifu jana unakataa leo. Mtu akikuambia kuwa obo ni ngumu, sehemu kubwa ya ugumu anaoutaja uko hapa.

Kwa nini obo na klarineti ni nyeusi?

Ni rangi ya mpingo, *Dalbergia melanoxylon*, unaoota Tanzania, Msumbiji na nchi nyingine za Afrika. Mbao zake ni nzito kiasi cha kuzama majini, zina mafuta, hazinyonyi unyevu kwa urahisi, na hukubali kutobolewa kwa vipimo vya usahihi mkubwa bila kumeguka. Mti wenyewe hukua polepole sana, na sehemu kubwa ya gogo hutupwa kwa nyufa na mafundo. Biashara ya jamii yote ya *Dalbergia* iliwekewa masharti ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kuanzia Januari 2017, jambo lililowasumbua wanamuziki mipakani hadi ala zilizokwisha kutengenezwa zilipoondolewa kwenye masharti hayo mwaka 2019. Ala za wanafunzi hutengenezwa kwa plastiki ngumu, na kwa anayeanza hiyo si hasara: haipasuki. Basuni yenyewe si ya mpingo, ni ya mepo, ambao ni mwepesi zaidi. Kwa ukubwa ule, basuni ya mpingo ingekuwa mzigo.

Kwa nini wapigaji hupuliza ala bila kutoa sauti wakati wa vituo?

Wanazipasha joto. Sauti husafiri kwa kasi zaidi katika hewa yenye joto, kwa hiyo ala baridi husikika chini kidogo na ikipata joto hupanda. Kwa ala ya mbao kuna hatari nyingine: ndani kukipata joto na unyevu haraka wakati nje bado kuna baridi, mbao hupasuka. Ala mpya ya mbao hupigwa kwa dakika chache kwa siku mwanzoni, kisha muda unaongezwa taratibu. Baada ya kila kipindi, vuta kitambaa ndani ya bomba hadi likauke, na uvue utete uuhifadhi kwenye kikasha chake. Hakuna utunzaji mwingine unaozidi huu kwa umuhimu.

Mtoto aanze na ipi?

Filimbi au klarineti, kwa walio wengi. Klarineti hutoa sauti ya kwanza mapema zaidi, filimbi hukawia kutoa sauti lakini ni nyepesi na haina gharama ya tete. Vidole lazima viweze kuziba matundu ya klarineti kikamilifu, kwa hiyo vidole vidogo sana vingoje au vianze na klarineti ndogo. Obo inawezekana ikiwa kuna mwalimu wa obo, si mwalimu wa ala nyingine anayejaribu. Basuni hudai viganja vipana na kidole gumba cha kushoto kinachotawala vibonyezo kadhaa peke yake, hivyo wengi huhamia kwake wakiwa vijana, wakitokea ala nyingine.

Nina ushauri mmoja ninaousimamia: mpe mtoto nafasi ya kuzisikia zote nne zikipigwa karibu yake kabla ya kuchagua. Mtoto aliyeipenda sauti ya obo atavumilia obo. Aliyepewa filimbi kwa sababu ilikuwepo ataiacha.

Nikijua moja, nitapiga nyingine?

Vidole vya filimbi, obo na saksafoni vinafanana vya kutosha kukuokolea miezi. Kutoka klarineti kwenda saksafoni ni safari fupi zaidi, kwa kuwa utete unafanana na midomo imeshazoea. Kinachochelewa siku zote ni mkao wa midomo na namna ya kutumia pumzi. Basuni ina mantiki yake ya vidole, na huko kila mtu ni mgeni.

Nisikilize nini ili nizoee kuzitofautisha?

Anza na *Petro na Mbwamwitu* ya Prokofiev, ya mwaka 1936. Filimbi ni ndege, obo ni bata, klarineti ni paka, basuni ni babu. Imeandikwa kwa watoto, lakini ni somo kamili kwa mtu wa umri wowote.

Kisha *Boléro* ya Ravel. Wimbo mmoja unapita kwa filimbi, kisha klarineti, kisha basuni ikiwa juu, kisha klarineti ndogo ya E-flati, na kuendelea. Kwa kuwa wimbo haubadiliki, unachobaki nacho masikioni ni ala yenyewe. Baada ya hapo sikiliza mwanzo wa kazi ya Debussy ya mwaka 1894 kuhusu alasiri ya fauni, kiumbe wa hadithi aliye nusu mtu nusu mbuzi, ambapo filimbi iko peke yake katika sauti zake za chini, kisha mwanzo wa *Maadhimisho ya Majira ya Kuchipua* ya Stravinsky, iliyopigwa Paris mwaka 1913. Kinachofungua kazi hiyo ni basuni, lakini iko juu sana kiasi kwamba mara ya kwanza wengi hudhani ni ala nyingine.